Bata Mzinga Aliyekwenda Chuoni: Tunamuaga Verna Lisowski

Bi Verna Lisowski anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Mei 2024, baada ya miaka arobaini na mmoja ya kazi katika Ukumbi wa Boling wa Sobczak, hapa Kesler Rapids, Wisconsin. Aliingia kwa kupuliza dawa kwenye viatu vya kukodi, vile ambavyo kila mchezaji lazima avivae. Anatoka akiwa amepeleka vyuoni vijana wengi kuliko timu ya mpira ya sekondari yetu, ile yenye bendi, taa za uwanjani na kocha anayelipwa kuliko mwalimu wa hisabati.

Nianze na ugomvi, kwa sababu Verna mwenyewe huanza hivyo. Kuna watu katika mji huu wanaosema boling si mchezo, bali ni kisingizio cha kunywa bia ukiwa ndani ya viatu vya mtu mwingine. Watu hao hao hushika vijiti vyao vya gofu, wakapanda vigari vya betri, wakazunguka majanini asubuhi nzima kutafuta kipira kilichopotea, halafu wakirudi wanajiita wanamichezo. Sawa. Na binti anayetembea hatua tano, mkononi ana tufe zito kama mtoto wa miezi sita, akalizungusha juu ya njia ya mbao iliyopakwa mafuta ili lipinde mwishoni na kuangusha pini zote kumi, huyo tumwiteje? Anapita njia? Vyuo vimeshajibu swali hilo. Vina timu, vina makocha, na vinatoa ufadhili wa masomo kwa vijana wanaojua kurusha. Waliochelewa kupata habari ni wakubwa wa Kesler Rapids, na Verna hakuwasubiri.

Alianza mwaka 1983, binti wa muuza nyama, mwenye sauti inayofika njia ya mwisho bila kipaza sauti. Wiki yake ya kwanza alimrudisha nyumbani diwani wa mji aliyetaka kuingia njiani na buti zenye theluji. Diwani alisema, "Unanijua mimi ni nani?" Verna akamjibu, "Nakujua. Sijui tu namba ya kiatu chako." Diwani alirudi kesho yake, akavaa viatu vya kukodi, na katika uchaguzi uliofuata Verna alimpigia kura. Hakuwahi kuwa mtu wa kinyongo.

Kutoka kwenye viatu akaingia jikoni, na kutoka jikoni akakabidhiwa ligi ya vijana ya Jumamosi asubuhi, ambayo wakati huo ilikuwa mahali pa kuachia watoto wazazi wakienda sokoni. Verna aliigeuza shule. Adabu kwanza, mkono baadaye. Mwenzako wa njia ya jirani akishasimama na tufe lake, husogei. Kuna kijana mmoja aliyemkatiza mwenzake mara mbili asubuhi moja. Verna alisimamisha ligi nzima, mashine zikanyamaza, akamwambia, "Haya baba, nenda kamwombe radhi. Ukimaliza hapo, ziombe radhi na pini zake, maana nazo umezishtua." Kijana akaenda mpaka kwenye mstari, akainama, akaziambia pini samahani. Leo ni jaji wa kaunti, na naambiwa mahakamani kwake hakuna mtu anayemkatiza mwenzake.

Lakini kazi kubwa ya maisha yake ni akiba ya masomo. Zamani kijana akishinda mashindano hapa alipewa bahasha ya fedha. Bahasha ilitoka mkononi mwa mtoto ikaenda kwa baba, na kwa baba ikaenda kaunta ya bia. Yote yalifanyika chini ya paa hili moja, na bahasha haikupata hata nafasi ya kuona jua. Verna akamfuata marehemu mzee Sobczak, mwenye ukumbi.

"Mzee, zawadi za watoto zinanywewa na baba zao."

"Sasa Verna, wakizinywea hapa si zinarudi kwangu?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako wala sikwenda kwa padri."

Mzee alikasirika mpaka jioni, na jioni akakubali. Kanuni ikabandikwa juu ya kaunta ya viatu, na bado ipo: chochote kijana atakachoshinda kwenye njia zetu kitawekwa akiba mpaka siku atakapoingia chuoni. Atakayekipeleka nyumbani, asikirudishe kabla ya ligi ya Jumamosi inayofuata, atapoteza akiba yake yote. Watu walilalamika kuwa ni kali. Verna aliwajibu kwamba mlango wa Januari, mwezi wa theluji hapa, hauna kuachwa wazi kidogo: ama umefungwa, ama nyumba nzima inaganda.

Kanuni hiyo nusura imle mtoto ambaye Verna alimpenda kuliko wote, na sherehe ya kumuaga Ijumaa haiwezi kueleweka bila kisa hicho.

Pahoua Lor alifika hapa akiwa na miaka kumi na mmoja, binti wa familia ya Kihmong, watu waliokimbia vita kutoka Laos, ya Mtaa wa Mbao, mwembamba hata tukadhani tufe litaondoka naye. Verna alimtazama mara moja akasema, "Wewe usilivute kama mbuzi anayekataa kwenda sokoni. Liache liende, wewe lionyeshe njia tu." Pahoua aliwaita wanawake wote wazima shangazi, kama alivyolelewa, na kuanzia siku hiyo ukumbi mzima ukamwita Verna Shangazi, wakiwemo wazee wanaomzidi umri. Mpaka mwaka wake wa mwisho wa sekondari, mwaka 2006, hakuna aliyeangusha pini kama yeye katika kaunti tatu. Chuo kimoja cha jimbo la Nebraska kilimwahidi nafasi kwenye timu na sehemu ya karo. Sehemu iliyobaki ilikuwa ni akiba yake ya hapa, aliyoichuma Jumamosi kwa Jumamosi. Bila hiyo akiba, hakuna Nebraska. Baba yake alikuwa akifanya kazi kiwanda cha karatasi, na kiwanda kilikuwa kimefunga milango Oktoba ile.

Ikafika Jumatano ya kuamkia Siku ya Shukrani, ile Alhamisi ya Novemba ambayo kila nyumba hula bata mzinga. Kila mtu hapa anajua desturi yetu ya siku hiyo: ukipiga straiki tatu mfululizo, yaani pini zote kumi kwa mrusho mmoja, mara tatu bila kukosa, kengele inagongwa na unaondoka na bata mzinga mzima aliyegandishwa. Pahoua alikuja kucheza na binamu zake. Alipiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mzee Sobczak aligonga kengele kwa mikono miwili, akampa bata kwa mkono wake mwenyewe, watu wakapiga makofi, na binti akatoka mlangoni kamweka bata begani. Hakuna aliyeinua macho kutazama ukutani. Desturi ya bata ni ya zamani kuliko kanuni ya Verna, na katika miaka yote ile haikuwa imetokea mtoto wa ligi kushinda bata. Kila mwaka walikuwa ni wajomba wenye vitambi.

Aliyetazama ukutani alikuwa Bwana Harlan Stroebel, wakala wa bima, ambaye binti yake Annika alicheza ligi hiyo hiyo. Nataka nimtendee haki. Hakuwa mlafi wala hakuwa na chuki. Alikuwa mmoja wa wale watu wanaosoma maandishi madogo nyuma ya pakiti ya chumvi. Alimkuta Verna jikoni.

"Verna, umeona?"

"Nimeona nini? Nina sufuria mbili motoni."

"Binti wa Lor kaondoka na bata. Kambeba hadharani. Na kanuni iko pale inatutazama."

"Bwana Stroebel, ile kanuni nimeitunga mimi. Usije kuniimbia wimbo wangu."

"Kwa hiyo utaifuata?"

Verna akazima jiko. "Nitaifuata mpaka yenyewe ichoke."

Mzee Sobczak alikuja mbio kumsihi. "Verna, jamani, ni bata! Na kosa ni langu. Funga jicho moja."

"Nikifunga jicho moja leo kwa ajili ya mtoto mwema, kesho baba fulani mwenye kiu ataniomba nifunge la pili."

Hapa ndipo wasomi wa huruma hukosea, na mimi nimebishana nao vya kutosha. Hudhani mtu mwema ni yule anayevunja kanuni kwa ajili ya maskini. Kanuni ile ndiyo iliyokuwa ukuta wa maskini. Ukiivunja kwa ajili ya Pahoua, umewapa akina baba wenye kiu patasi. Verna alilijua hilo kabla hajavua aproni. Bata alipaswa kurudi ukumbini kabla ya Jumamosi. Tatizo likawa Alhamisi, maana kwa akina Lor hakukuwa na bata mwingine, na binti hangeweza kuokoa masomo yake kwa kuondoa chakula mezani siku ambayo nchi nzima inakula.

Verna alikwenda kwanza nyumbani kwake. Mumewe Ray, fundi bomba, mtu mpole ambaye huwa anaanza kuzungumzia bata wa Siku ya Shukrani kuanzia Agosti, alikuwa amesimama juu ya ndoo ambamo bata wao alikuwa amelala kwenye maji ya chumvi na majani ya viungo. Verna akamtoa bata, akamkung'uta.

"Unampeleka wapi?"

"Kwa akina Lor."

"Na sisi?"

"Sisi tuna soseji."

"Verna. Mtu anashukuru kwa soseji?"

"Anayejua kushukuru anashukuru, mzee. Nishikie mlango."

Kwa akina Lor, bata wa ukumbi alikuwa juu ya meza, mgumu kama jiwe la kusagia. Bwana Lor alipomwona Verna na mzigo wake alisimama wima.

"Bi Verna, sisi hatujaomba msaada."

"Nani kataja msaada? Nimekuja kubadilishana bata. Huyo uliye naye hapo ni wa chuo."

Pahoua alielewa kabla ya wote. Rangi ikamtoka. "Shangazi. Ile kanuni."

"Ehe, ile kanuni. Miaka sita unapita chini yake, leo umesikia kengele ukasahau kusoma."

Bi Lor yeye hakushughulika na kanuni. Alimzunguka bata wa Verna, akamminya paja, akauliza kitu kwa lugha yao.

"Mama anauliza mbona wako amelowa," Pahoua akasema, akijitahidi kutocheka huku machozi yapo tayari.

"Mwambie ametoka kuoga. Nisingemleta kwa watu akiwa mchafu."

Bwana Lor akawapima ndege wawili kwa macho. Wa Verna alikuwa mkubwa, na yeye hakuwa mtu wa kubadilishana kwa kupunja. Akakataa mpaka mkewe alipojaza sinia ya mikate ya kukunja ya kukaanga, yenye nyama na tambi ndani, ikawekwa upande wa bata mdogo. Hapo akapeana mkono na Verna kama watu wanaouziana ng'ombe. Alhamisi ile akina Lisowski walikula soseji na mikate ya kukunja. Ray alikiri kuwa mikate ilikuwa mitamu. Alikiri pia, kabla na baada, kuwa haikuwa bata.

Jumamosi asubuhi Stroebel alifika mapema, na wazazi wengine nyuma yake, maana mji huu hukosa ibada lakini haukosi kesi. Verna aliwaongoza mpaka jikoni, akafungua friza. Bata amekaa rafu ya juu peke yake, kafungwa utepe wa gundi wenye maandishi meusi: AKIBA YA PAHOUA LOR. ASIGUSWE MPAKA CHUO.

"Huu ni utani," akasema Stroebel.

"Soma kanuni."

"Naijua kanuni!"

"Basi inasema nini? Chochote. Haikusema 'chochote, isipokuwa ndege.' Kimerudishwa kabla ya ligi, na kitakaa hapo mpaka siku ya chuo. Unataka niifuate au nisiifuate?"

Stroebel akausoma utepe mara ya pili. Alikuwa amepewa alichokidai, chote, mpaka mifupa. Nyuma yake Annika akamvuta koti. "Baba, twende. Pahoua ananisubiri njia ya nne." Watu walicheka mpaka mtu mmoja akaegemea jiko na kuunguza mkono wa koti.

Mtu mdogo angeishia hapo, kwenye kicheko. Verna alimfuata Stroebel mlangoni akampa ufunguo wa friza.

"Wa nini huu?"

"Wa akiba. Namtaka mtu anayesoma maandishi madogo. Jikoni kwangu kuna wapishi wenye njaa."

Mtu anayependa kanuni ukimpa kanuni ailinde, utashangaa. Kila Jumamosi Stroebel alifungua friza, akamtazama bata, akafunga, akatikisa kichwa kuashiria kuwa hali ni shwari. Juni ya mwaka uliofuata ikaja tufani iliyong'oa nguzo za umeme, na mji ukakaa gizani. Mchana wa siku ile lilitokea gari la Stroebel, nyuma yake jenereta, yeye mwenyewe na sapatu, upande mmoja wa kidevu umenyolewa na mwingine bado.

"Bata vipi?"

"Bado mgumu," akajibu mzee Sobczak.

"Na wewe umesimama unaongea mpaka alainike? Nishikie waya!"

Bia za ukumbi zilipata moto siku hiyo, maziwa yakachacha, lakini friza iliunguruma mpaka umeme uliporudi. Stroebel alikataa kuchomeka kitu kingine chochote. Akiba, alisema, ni akiba.

Agosti, Verna alimpeleka Pahoua kwa gari mpaka Nebraska. Kiti cha nyuma alikaa bata ndani ya sanduku la barafu, kafungwa mkanda. Akiba nyingine yote ilikuwa imeshatumwa, na hii ilibidi iende kwa miguu yake, kama asemavyo Verna. Waliingia ofisini kwa kocha, mwanamke mrefu mwenye sura ya kutocheka ovyo, wakaweka sanduku mezani.

"Hiki ni nini?"

"Sehemu ya mwisho ya akiba yake. Imehifadhiwa kwa mujibu wa kanuni."

Kocha alifunua, akatazama, akafunika. "Nimeletewa vyeti," akasema, "nimeletewa wazazi wanaolia, na mwaka jana nimeletewa wakili. Karo yenye mapaja sijawahi kuletewa." Wikiendi ya kwanza timu nzima ya wasichana ilimla bata huyo na mchuzi, na kwa hesabu zangu huo ndio ufadhili pekee wa masomo katika nchi hii uliowahi kuliwa ukaisha na bado ukatoa mhitimu.

Maana alihitimu. Pahoua Lor ni mfamasia, na duka lake liko mtaa wa pili kutoka hapa. Annika Stroebel naye alisoma kwa akiba ya ukumbi huu huu, na walisimamiana harusi. Baada yao wamekwenda wengine wengi: wauguzi, mafundi, walimu, na mmoja aliyekwenda kusoma falsafa, ambaye tunaendelea kumwombea. Verna aliwasindikiza wote. Aliwapigia simu makocha mpaka makocha wakajifunza kupokea. Alikwenda mara nyingi kwenye bodi ya sekondari kudai boling itambuliwe kama mchezo, na walipomwambia hakuna fulana za kuwapa wachezaji, akarudi na fulana za kaunta ya viatu vya kukodi, zile za matangazo, akawavalisha, wakatwaa ubingwa wa jimbo wakiwa wameandikwa kifuani UMERUDISHA VIATU? Bodi ilipotaka kupiga picha na kombe, Verna aliwaambia wavae fulana hiyo kwanza. Picha ipo ukutani. Mwenyekiti wa bodi ni yule wa pili kushoto, anayejifunika kifua kwa kombe.

Sasa anatuachia kanuni, friza na kelele. Ligi ya Jumamosi na akiba ya vijana anamkabidhi Pahoua, ambaye alikubali kwa sharti moja: asibadilishiwe hata neno kwenye ile kanuni. Ameongeza tu mstari mmoja chini yake, kwa mwandiko wake. Unasema: Hata bata. Bwana Stroebel, ambaye sasa anatembea na fimbo, atakabidhi ufunguo siku ya sherehe, na ameomba apewe dakika chache za kueleza namna ya kuutunza. Tumempa mbili.

Kwa niaba ya watumishi wote wa Ukumbi wa Sobczak, mafundi wa mashine, wapishi, wahudumu wa kaunta, na kila kijana aliyewahi kuziomba pini radhi, tunakushukuru, Shangazi. Ulitufundisha kuwa mtoto wa fundi na mtoto wa kiwandani anaweza kwenda chuoni kwa mkono wake wa kulia, au wa kushoto kama huyo jaji wetu, na kuwa kanuni ngumu ikiwa mikononi mwa mtu mwenye moyo haimvunji mtu. Tunakuombea mapumziko marefu, magoti yasiyouma, na majirani wasiokatiza.

Jambo la mwisho, na wageni walizingatie wasije wakashangaa mlangoni. Ukumbi huu umekaanga samaki kila Ijumaa tangu ulipofunguliwa, na kuna watu mjini wanaoamini dunia itasimama siku tutakayoacha. Ijumaa hii hatukaangi. Pahoua ameagiza bata mzinga, mkubwa kuliko yule wa kwenye ndoo, na mama yake atamwoka kwa mkono wake. Wageni wote watasubiri kidogo na sahani zao, Verna akiwemo. Wa kwanza kukatiwa ni Ray.

Maisha mema, Shangazi. Na wewe, mzee Ray, karibu mezani.